Kundi Kwanza, Katikati Baadaye

Kaa kwenye kijiwe chochote cha wachimbaji, kiwe cha Katoro, Kakola au Nyarugusu, haupiti muda mrefu kabla mtu hajataja jina la Saniniu Laizer. Juni 2020 mchimbaji huyo wa Mirerani aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, na tangu siku hiyo kila anayeshuka duarani anaamini kwamba anayefuata ni yeye. Simlaumu. Ukanda wetu umekuzwa na habari za namna hiyo. Williamson aliikuta almasi ya Mwadui mwaka 1940, mgodi wa Geita ukaanza upya mwaka 2000, Buzwagi ikafuata 2009, na katikati ya hayo yote kila mtaa una mtu wake aliyelala maskini akaamka ana nyumba ya bati jipya na pikipiki tatu.

Lakini nina neno na wewe kijana unayesubiri duara litapike. Kusubiri huko kunakula kitu ndani yako. Mtu akizoea kwamba mafanikio yanashuka tu siku yakitaka, anaacha kuutazama mkono wake mwenyewe unafanya nini. Analaumu mwamba. Analaumu nyota. Siku nyingine anabeba hela ya mahindi ya watoto anampelekea mganga. Ndiyo maana nakuomba utenge siku moja katika wiki ambayo ndani yake bahati haina kazi. Chukua upinde, nenda ukalenge shabaha.

Utaniuliza mbona nisiseme bunduki. Kulenga kwa bunduki ni mchezo wa heshima, umekuwamo kwenye Olimpiki tangu ile ya kwanza ya Athens mwaka 1896, na ndugu zetu waliopita mgambo wanaijua raha ya kulala kifudifudi na kupiga karatasi iliyo mbali. Ila silaha hiyo iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni yake inapita polisi, na viwanja vya shabaha wengi wetu tunavyovifahamu ni vya majeshi. Mwenye kibali na uwanja halali, na aende. Wewe wa Msalala, Mbogwe au Nyang'hwale huna haja ya kusubiri. Upinde uko uvunguni kwa babu.

Wala si mgeni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, bunduki zilizagaa mikononi mwa majambazi, na wezi wa ng'ombe wakaitesa Kahama na Shinyanga watakavyo. Wanakijiji hawakuwa na bunduki. Walikuwa na pinde, mishale na yowe la mwano linalopokewa kutoka kijiji hadi kijiji. Hivyo ndivyo Sungusungu walivyozaliwa, na haikuchukua muda wakaenea Usukuma na Unyamwezi. Historia hiyo ina damu pia. Wapo walioadhibiwa bila mahakama, wapo waliouawa kwa tuhuma za uchawi, na hilo halipambiki. Upinde ninaousema mimi unalenga kiroba, basi. Lakini nidhamu ya wale wazee, ya kutoka wote mwano unapopigwa na kusimama mstari mmoja mbele ya mwenye bunduki, hiyo ni mali yetu na hatuna sababu ya kuiacha ife.

Hata chuma tulikuwa nacho. Warongo wa upande wa Geita walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma muda mrefu kabla kampuni yoyote haijaja na magari makubwa. Na kule Meatu, wilaya iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga hadi Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012, wako Wahadzabe ambao mtoto wao wa kiume hupewa kijiupinde angali mdogo sana. Hafundishwi darasani. Anacheza nacho kutwa, mwaka hadi mwaka, mpaka mkono na jicho vinasikilizana bila yeye kuvisemesha.

Basi siku yenyewe iwe hivi.

Toka mapema, saa moja asubuhi, kabla upepo wa kiangazi haujaamka mbugani. Tafuta jaruba lililokwisha kuvunwa lenye kichuguu kikubwa upande mmoja. Kichuguu hicho ndicho ukuta wako wa usalama, mshale ukiipita shabaha unaishia humo. Kwenye mashine za mpunga pumba zinatupwa. Zishindilie ndani ya kiroba mpaka kikatae kubonyea, shona mdomo wake, kiegemeze kwenye kichuguu. Chora duara kwa masizi ya sufuria, upana wa sahani. Rudi hatua kumi ndefu, mwaga jivu uweke mstari.

Mstari huo una sheria na haina mjadala. Hakuna anayeuvuka, hata kufuata mshale wake, mpaka kila upinde uwe umelazwa chini. Mtoto akitokea, mbuzi akikatiza, wote mnashusha. Vigumba viwe butu, kazi ndogo tu kwa fundi chuma wa mtaani, na sumu isisogee karibu na uwanja. Asiyetii anarudi nyumbani, hata kama upinde ni wa kwake.

Sasa simama ubavu kwa shabaha, miguu imeachana usawa wa mabega. Pachika mshale kwenye upote. Vuta mpaka vidole viguse mahali pamoja usoni, tuseme pembe ya mdomo, na mahali hapo pawe pale pale leo, wiki ijayo na mwakani. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mshale wa kwanza wanavuta mpaka mdomoni, wa pili mpaka kidevuni, wa tatu mkono umechoka wanaishia njiani, halafu wanasema upinde mbovu. Shusha pumzi nusu, tulia, achia vidole. Usichungulie mshale unakwenda wapi. Mkono ulioshika upinde ubaki umenyooka mpaka usikie kishindo kwenye pumba.

Piga mitatu, kisha nenda ukaisome.

Mishale mitatu ikiwa imekaa pamoja, kiganja kimoja kushoto kwa duara, umeshinda asubuhi hiyo ingawa hakuna hata mmoja uliogusa duara lenyewe. Mkono wako umefanya jambo lile lile mara tatu. Kulihamisha kundi kutoka kushoto kwenda katikati ni suala la kusogeza mguu au kurekebisha jicho, na linaweza kuisha kabla jua halijawa kali. Lakini mmoja ukiwa katikati kabisa, wa pili juu ya kiroba na wa tatu umezama kichuguuni, usishangilie ule wa katikati. Umeingia wenyewe. Mshale ujao hujui utaupeleka wapi, na asiyejua mshale wake ujao unakwenda wapi hajaanza kulenga.

Kundi kwanza, katikati baadaye. Ningekuwa na uwezo ningeyaandika maneno haya kwenye kila karasha kuanzia Lwamgasa hadi Kahama. Kwa sababu maisha ya machimboni yamejaa mishale ya katikati iliyoingia yenyewe. Kijana anapata gramu zake, wiki nzima mji unamjua kwa jina, mwezi unaofuata anakopa nauli. Mkono wake haukuwa umejifunza kurudia chochote. Hakuwa na desturi ya kuweka akiba hata alipouza kidogo, hakuwa na daftari, hakuwa na ufundi wa kumbakiza mezani duara likikauka. Wahenga waliosema papo kwa papo kamba hukata jiwe hawakuwa wanamfariji mtu. Walikuwa wameiona kamba ya kisimani na mfereji ilioutoboa kwenye ukingo wa jiwe.

Kwa hiyo beba daftari uwanjani. Andika kila raundi: mitatu imeangukia wapi, upepo ulitoka upande gani, ulikuwa umechoka au la. Mkono ukianza kutetemeka, acha. Mishale ya mkono uliochoka inafundisha makosa, na makosa nayo hukaa mwilini kwa kurudiwa. Nenda nyumbani ukale, urudi Jumapili nyingine. Wanaoshindana kwenye Olimpiki husimama mita 70 kutoka kwenye shabaha na kupiga mishale 72 katika raundi ya kupanga nafasi, na duara la alama kumi ni la sentimita 12.2 tu, dogo kuliko kisosi. Mwaka 2024 jijini Paris, Lim Sihyeon wa Korea Kusini alipata pointi 694 kati ya 720. Hakuna nyota ya mtu inayokaa juu mishale 72 mfululizo. Ule ni mkono uliofanya jambo moja mpaka ukasahau namna nyingine ya kulifanya.

Wako kati yetu ambao baruti imewachukulia vidole. Wako waliovunjwa mkono na jiwe lililoteleza. Ninyi hasa nawataka mlijue jina la Károly Takács. Alikuwa sajini wa jeshi la Hungary, mpiga bastola hodari, na mwaka 1938 guruneti bovu likalipuka kwenye mkono wake wa kulia, mkono wa kazi. Watu walijua amekwisha. Yeye akaanza kujifunza kwa mkono wa kushoto kimyakimya, hakumwambia mtu, na mwaka 1939 akatokea kwenye mashindano ya taifa wenzake wakidhani amekuja kuwatazama. Akashinda. Vita vya Dunia vikafuta Olimpiki ya 1940 na ya 1944. Akangoja. Mwaka 1948 London akachukua dhahabu, na 1952 Helsinki akaichukua tena, kwa mkono ule ule ambao mwaka 1938 haukujua hata kushika bastola. Miaka kumi kutoka hospitali mpaka jukwaani! Ukiniambia umechelewa kuanza, nitakuuliza umechelewa kuliko yeye?

Ukiniambia umezaliwa mahali pasipojulikana kwa mchezo huu, nitakutajia Xu Haifeng. Alikuwa muuza mbolea. Mwaka 1984 Los Angeles alipiga bastola ya mita 50 na kuipatia China medali yake ya kwanza kabisa ya dhahabu ya Olimpiki. Nchi kubwa kiasi kile, dhahabu ya kwanza ikaletwa na mtu aliyetoka kupima mbolea. Na dada yangu unayesoma haya ukidhani upinde ni wa wanaume, hapo jirani tu, Kenya, Shehzana Anwar alilenga mishale mpaka akafika Rio mwaka 2016, na siku ya ufunguzi ndiye aliyebeba bendera ya nchi ile yenye wakimbiaji wote wale.

Sisi je? Tangu Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walete medali za fedha kutoka Moscow mwaka 1980, hakuna Mtanzania mwingine aliyepanda jukwaa la Olimpiki. Lakini Septemba 2025 Alphonce Simbu wa Singida, jirani yetu kabisa, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo, akimpita Mjerumani kwenye hatua za mwisho huku saa ikiwaandikia muda mmoja. Baada ya kilomita 42 tofauti yao ilikuwa pua na kifua. Tofauti ndogo namna hiyo hulipwa na asubuhi nyingi ambazo hakuna aliyekupigia makofi.

Kwa hiyo msilenge mmoja mmoja na kurudi kulala. Undeni klabu. Wasukuma tunajua kushindana kwa furaha kuliko watu wengi. Bagika na Bagalu wamepimana kwa ngoma vizazi na vizazi, na pale Bujora wakati wa Bulabo uwanja hufurika watu wanaotaka kuona nani atawavuta watazamaji wa mwenzake. Ushindani ule ule uleteni kwenye shabaha. Watu kumi, viroba vitatu, mwamuzi mmoja mkali wa mstari, mnatosha kuanza. Nendeni kwa afisa michezo wa halmashauri yenu awaelekeze namna ya kuisajili klabu chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Tafuteni wazee waliokuwa Sungusungu, muwaombe wawafundishe kuchonga wano lililonyooka na kufunga unyoya. Ujuzi huo utazikwa nao msipowauliza mwaka huu. Walimu wa michezo, anzeni na madarasa ya juu, kwa pinde laini na mishale ya kichwa cha mpira. Na madiwani mnaokaa kupanga fedha za uwajibikaji kwa jamii zinazotoka migodini, uwanja wa shabaha unahitaji jaruba moja na tuta la udongo. Hauna gharama ya jengo.

Geita wanajivuna, na wana haki. Msimu wa 2021/22 timu yao ya Geita Gold ilimtoa mfungaji bora wa Ligi Kuu, George Mpole, kwa mabao 17, mbele ya washambuliaji wa Simba na Yanga. Sasa Kahama mnasemaje? Kishapu? Shinyanga Mjini? Mpunga ukishavunwa na majaruba yakakauka, wapelekeeni Geita barua ya ushindani: wapiga mishale kumi kila upande, wanawake watano na wanaume watano, hatua thelathini, mishale sita kwa kila mmoja, daftari liwe wazi mbele ya watazamaji. Anayeogopa kushindwa mara ya kwanza aje hivyo hivyo. Mishale yake itaandikwa, atairudia Jumapili inayofuata, na msimu ukifika tena tutafungua daftari lile lile.