Kombe la baharini linatoa ushahidi, sisi tumenyamaza

 

Ndugu Waislamu, katika Surat Az-Zilzalah tunafahamishwa kuwa siku itafika ambapo ardhi itatoa habari zake. Sura hii hata watoto wa madrasa wameihifadhi. Lakini ni wangapi kati yetu tunaamini kikweli kuwa ardhi inaweka kumbukumbu? Leo napenda tutazame kitu ambacho sisi watu wa pwani tunakikanyaga kila siku: gome la kombe.

Mnyama wa kombe hujenga gome lake kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, kwa madini anayoyapata katika maji anamoishi. Gome hilo ni chokaa, na ndani ya chokaa mna oksijeni. Oksijeni si ya aina moja. Ipo nyepesi, oksijeni-16, ambayo ndiyo iliyo nyingi mno. Na ipo nzito, oksijeni-18, ambayo ni kiasi cha chembe 2 tu katika kila chembe 1,000. Maji yakiwa ya baridi, gome huchukua ile nzito kwa wingi kidogo zaidi. Yakiwa ya joto, huichukua kwa uchache. Tofauti yenyewe ni ndogo sana: joto likipanda nyuzi 4 au 5 za Selsiasi, uwiano hushuka sehemu moja tu katika elfu. Pamoja na udogo wake, haipotei.

Mwaka 1947 mwanakemia wa Marekani, Harold Urey, alieleza kuwa tofauti hiyo inaweza kutumika kupima joto la bahari za zamani. Mwaka 1951 yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walipima mabaki ya mnyama wa jamii ya ngisi aliyeishi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Walikata tabaka zake moja moja, wakasoma humo majira ya joto matatu na ya baridi manne. Wakasema kuwa alikufa akiwa na umri wa kama miaka minne, tena wakati wa majira ya kuchipua. Subhanallah! Mnyama asiye na jina wala kaburi, na habari za maisha yake zimehifadhiwa hivyo.

Wataalamu hawa hawatosheki na shahidi mmoja. Zama za barafu, maji mepesi yalikuwa yakipanda kuwa mvuke kwa wepesi zaidi, kisha yakazuilika katika barafu ya nchi kavu, na bahari ikabaki na oksijeni nzito nyingi. Kwa hiyo gome lenye oksijeni nzito huenda linasema maji yalikuwa baridi, au linasema barafu ilikuwa nyingi. Ndipo wanapomwita shahidi wa pili, madini ya magnesiamu, ambayo huingia kwa wingi katika magome ya vijidudu fulani vya baharini maji yanapokuwa na joto. Mashahidi wawili wakishasikilizwa, ndipo hukumu hutolewa. Sisi tuliofundishwa habari ya mashahidi wawili hatuna sababu ya kushangaa.

Sasa tuje nyumbani. Matumbawe nayo hujenga mifupa ya chokaa, mwaka baada ya mwaka, kama kombe. Huko Malindi, Kenya, watafiti walitoboa matumbawe yenye umri wa miaka kama 300, na mwaka 2007 wakatoa matokeo yao. Humo walipima bariamu, madini yanayoletwa baharini na udongo wa mito. Kuanzia mwaka 1700 hadi 1900 kiwango kilikuwa cha chini na karibu hakikubadilika. Baada ya 1900 kikaanza kupanda, na kikafikia kilele katika miaka ya 1970. Huo ni udongo wa bara ulioletwa na mto Sabaki, baada ya miti kukatwa na mashamba kulimwa bila kinga. Aliyekata mti bara hakuiona bahari ya Malindi. Lakini bahari ilimwandika.

Katika Surat Ar-Rum, aya ya 41, Allah (s.w.) anatueleza kuwa uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa sababu ya yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Sisemi kuwa aya hiyo imeteremshwa kuzungumzia bariamu. Qur'an haihitaji cheti cha maabara. Ninachosema ni kuwa aliyeambiwa hivyo, kisha akaoneshwa jiwe la Malindi, hana udhuru tena.

Na hapa lazima niseme habari yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi wa msikiti mmoja wa huku pwani. Fedha zilipungua. Likatolewa shauri kuwa vijana wakang'oe matumbawe hai, yachomwe kwa kuni za mikoko, tupate chokaa ya bei rahisi. Mzee mmoja mvuvi akanyanyua mkono, akauliza: "Mkivunja nyumba ya samaki, wajukuu wetu watavua nini?" Akaambiwa kuwa anapinga kazi ya Allah. Nilijua kuwa mzee anasema kweli. Nikainamisha kichwa, nikautazama mkeka.

Chokaa ikachomwa, kuta zikawa nyeupe. Mzee yule amekwishafariki, wala sikuwahi kumwomba radhi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anayeona uovu auondoe kwa mkono wake, akishindwa kwa ulimi wake, na akishindwa basi auchukie moyoni, na hiyo ndiyo imani dhaifu zaidi. Mimi ulimi nilikuwa nao. Matumbawe yasiyo na ulimi yamesema, mimi nikanyamaza. Siku vinywa vitakapofungwa, mikono ikasema na miguu ikashuhudia, kama tunavyosoma katika Surat Yasin, huo mkeka nao nitauambia nini?

Ndugu zangu, Allah ni mwema na hapokei ila kilicho chema. Nyumba Yake haijengwi kwa kubomoa amana Yake. Kamati zetu ziulize chokaa, mchanga na boriti vimetoka wapi, kama tunavyouliza nyama imechinjwa na nani. Makhatibu walitaje jambo hili juu ya mimbari. Na tuwapeleke vijana wetu wakasome kemia na elimu ya bahari, ili jiwe la mlangoni kwetu lisisomwe na wageni peke yao.

Na wewe uliyemo katika kikao leo, ukiujua ukweli, usiutazame mkeka. Sema.

Ewe Mola wetu, msamehe mzee yule, utusamehe na sisi tulionyamaza, na utujaalie tuwe mashahidi wa haki kabla hatujashuhudiwa. Amin.