Mgonjwa na Dawa Isiyojulikana

Twaleta leo swali zito: je, ni halali tabibu kumpa mgonjwa dawa ambayo yeye mwenyewe hajui bado kama itaponya au itadhuru?

Mwaka 1993 wataalamu wawili wa Marekani, Victor Ambros na Gary Ruvkun, walionyesha katika mnyoo mdogo sana ya kwamba ndani ya seli mna vipande vifupi vya RNA visivyotengeneza protini, bali hushika ujumbe wa jeni na kuunyamazisha. Kwa kazi hiyo walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2024. Katika kansa nyingi baadhi ya vipande hivyo hupungua, nazo seli huongezeka kama punda waliokatiwa kamba karibu na shamba. Wataalamu wakawaza: kilichopungua na kirudishwe.

Wakafanya dawa iitwayo MRX34, mfano wa kipande kimoja, miR-34a, wakaifunga katika matone madogo ya mafuta, wakawatilia wagonjwa 85 mshipani. Miongoni mwao walikuwamo wenye melanoma, kansa ya ngozi ambayo kwa sisi watu weusi huanza mara nyingi katika wayo, mahali tusipopatazama. Mmoja wa hao uvimbe wake ulipungua. Lakini kwa wengine kinga ya mwili iliwaka kupita kiasi. Watu wanne wakafa, na mwaka 2016 kazi ikasimamishwa.

Wako watakaosema, “Walikubali wenyewe.” Haturidhiki upesi hivyo. Mfa maji haachi kutapatapa. Kukubali kwake ni kukubali gani? Tena jaribio la kwanza la dawa halikukusudiwa hasa kuponya, bali kujua kipimo ambacho mwili waweza kustahimili. Tabibu ajuaye hayo, akamwacha mgonjwa adhani ya kuwa ameletewa uponyaji, amemwibia, hata kama karatasi imetiwa sahihi. Bali akimwambia waziwazi, “Yamkini wewe hutafaidiwa, ila watakaokuja nyuma yako,” na mgonjwa akanyosha mkono wake, huyo ametoa, hakuibiwa; wala hatuoni ni kwa haki gani tungemzuia.

Habari za kazi ile zilitangazwa mwaka 2020. Watatu ambao uvimbe wao ulipungua walihesabiwa humo, na wale wanne waliokufa wakahesabiwa vilevile, katika taarifa ile ile.