Rehema ya Mola na Msiba wa Kano

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Ndugu yetu mmoja aliyeko Kisumu ametuletea suala, nasi tumeona yatupasa kulijibu hadharani, kwani lawahusu Waislamu wa Lamu, Malindi na Mombasa kama liwahusuvyo wa huko Ziwani. Asema kwamba katika masika ya mwaka 2020, Ziwa Viktoria lilipofura hata likafikia kimo ambacho halikupata kukiona tangu mwaka 1964, na maji ya mto Nyando yakafunika uwanda wa Kano, mama mmoja alihamia katika skuli pamoja na wanawe, na aliye mdogo wao akafa kwa malaria. Penye matanga akasimama mtu akasema kuwa gharika ile ni adhabu, na kila aliyefiwa na atazame dhambi zake. Baadaye yule mama akamwuliza ndugu yetu: "Mola tumwitaye Mwingi wa rehema, mwanangu wa miezi minane alimkosea nini?" Ndugu yetu akamjibu kuwa ni kadari. Yule mama akaondoka, wala hakuuliza tena. Naye sasa atuuliza: je, alijibu sawa?

Twasema, na kwa Mwenyezi Mungu ndiko kuongoka: aliyesema penye matanga amekosa, na ndugu yetu amesema kweli, lakini hakuimaliza.

Ama yule msemaji, lau msiba ungekuwa dalili ya kuchukiwa na Mungu, nani angalichukiwa kuliko Mtume wetu? Wanawe wa kiume wote walikufa wangali wadogo, na katika binti zake hakubaki baada yake ila Bibi Fatima. Alipokufa Ibrahim alilia machozi, na sahaba wakamwona. Na siku ile jua lilipatwa, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya mauti ya Ibrahim. Mtume akawakataza kusema hivyo, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni dalili za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuishi kwake. Basi ikiwa Mtume amekataa kulifungamanisha jua na mauti ya mwanawe mwenyewe, sisi ni nani hata tuifungamanishe mvua na mauti ya mtoto wa jirani?

Tena tumesoma katika Suratul Kahf habari ya Nabii Musa na yule mja mwema. Musa ni Mtume, naye hakuweza kustahamili aliyoyaona mpaka alipoelezwa. Na yule mja alieleza kwa ilimu aliyopewa na Mola wake, si kwa dhana. Je, yule aliyesimama penye matanga amepewa ilimu hiyo? Hakupewa. Basi kunyamaza kungalikuwa ibada kwake.

Huenda akatutolea hoja ya Suratur Rum, ambamo Mwenyezi Mungu aeleza kuwa uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa sababu ya yaliyochumwa na mikono ya watu. Nasi twaikubali hoja hii, lakini na aisome vizuri. Misitu ya milima inayouteremshia maji mto Nyando imekatwa miaka mingi, udongo wake umechukuliwa hata ziwani, na vinamasi vya mafunjo vilivyokuwa vikizuia maji vimelimwa. Hiyo ndiyo mikono. Je, ni mikono ya mtoto wa miezi minane? Ilikata mikono ya juu, wakazama walio chini. Mwenye kutaka toba ya gharika na apande miti, na awadai wenye mamlaka wajenge kingo na kuzibua mifereji. Asimwendee mama aliyefiwa kumwambia atubu yeye.

Ama kadari, tunaiamini, nayo ni nguzo ya imani yetu. Lakini kadari si mlango wa kufungia maneno. Sayidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari ya tauni, aliwarudisha watu Madina. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kuwa ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Basi mbu ni kadari, na chandarua pia ni kadari. Huko huko kando ya Ziwa, Asembo na Gem katika nchi ya Siaya, mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu walipima jambo hili, na palipogawanywa vyandarua vilivyotiwa dawa, vifo vya watoto wachanga vilipungua. Hirizi haikupata kufanya hivyo. Rehema ilikuwapo, iliyokosekana katika ile skuli ni mikono ya kuifikisha.

Na hapa ndipo suala linapoturudia sisi. Mtume ametueleza kuwa Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atamwambia mja kwamba aliugua naye hakwenda kumtazama, na aliomba chakula naye hakumlisha. Mja atastaajabu, kwani Mola haugui wala haoni njaa. Ndipo ataambiwa kuwa mja fulani aliugua, na lau angalimwendea, angalimkuta Mola wake kwake. Yule mama auliza rehema ilikuwa wapi. Nasi tutaulizwa tulikuwa wapi. Miji yetu ya pwani ina zaka na ina wakfu. Ni kiasi gani kilichofika Kano?

Basi, ewe ndugu yetu wa Kisumu, mrudie yule mama. Usiende mikono mitupu, wala usianze kwa kusema. Kaa naye kwanza. Ukisema, mwambie kuwa machozi si ukosefu wa imani, kwani Mtume amelia. Mwambie kuwa mwanawe hakukosa lolote, na yuko katika rehema ya Mola wake. Kisha mwambie kuwa Mtume alipotaka kuwaonyesha sahaba mapenzi ya Mungu kwa waja wake, hakuchukua mfano wa mfalme. Aliwaonyesha mama aliyekuwa mateka, aliyekuwa akimtafuta mtoto, akampata, akamkumbatia na kumnyonyesha. Akawaambia kuwa Mungu ni mwenye huruma zaidi kwa waja wake kuliko mama huyo kwa mwanawe. Kwa nini mtoto huyu alichukuliwa, hatujui, wala hatutasingizia kujua.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amkutanishe mama huyo na mwanawe Peponi, na atujaalie tuwe katika wenye kufikisha rehema Yake. Amin.