Maana ya Hulka, na Udhuru wa Mwenye Hasira

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyemuumba mwanadamu akalilinganisha umbo lake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, mtu humtukana mkewe mbele ya watoto, naye akionywa hujibu: "Hii ndiyo hulka yangu, Mungu ndiye aliyeniumba hivi." Basi na tulitazame neno hili asili yake, tujue kama udhuru huo wasimama.

Hulka tumeipokea kwa Waarabu, nao husema khuluq. Herufi zake tatu ndizo zilizomo katika khalq, yaani kuumba. Na asili ya maana yake ni kupima na kukadiria: Waarabu walilitumia kwa fundi wa ngozi, apimaye ngozi kabla hajaikata. Kisha maulamaa wakapambanua: khalq ni umbo la nje, lionekanalo kwa macho, khuluq ni umbo la ndani, lijulikanalo kwa busara.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, yaani 1111, ameeleza katika Ihya kwamba hulka ni hali iliyokita katika nafsi, ambayo vitendo hutoka kwayo kwa wepesi, pasipo kufikiri. Na kama uso usivyopendeza kwa macho mazuri peke yake, mpaka pua na kinywa vilingane nayo, kadhalika nafsi haiwi njema mpaka elimu, ghadhabu na matamanio vipangike kwa uadilifu, kila kimoja kwa kipimo chake.

Huenda mtu akasema: "Mfupi hawi mrefu, basi na umbo la ndani haligeuki." Imamu amemjibu: lau hulka haigeuki, mawaidha yote yangekuwa bure. Farasi mkaidi hufundishwa akatii, na mbwa wa mawindo akajizuia asile alichokikamata. Seuze mwanadamu mwenye akili! Wala hatukuamrishwa kuing'oa ghadhabu, bali kuipima.

Nasi twaongeza: huyo mwenye hasira, mbona mbele ya tajiri anayemdai huinamisha kichwa na sauti yake ikawa laini? Ikiwa aweza kujizuia dukani, hakika aweza kujizuia nyumbani. Basi hakukosa uwezo. Amekosa haya kwa walio chini ya mkono wake.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha dawa: mwenye kughadhibika naye amesimama, na aketi, isipomtoka, na alale. Mara ya kwanza utajilazimisha, na ya pili vivyo hivyo, hata wepesi uje, na wepesi huo ndio hulka.

Naye Mtume alikuwa akimwomba Mola wake, kama Alivyolifanya zuri umbo lake, Aifanye nzuri na hulka yake. Yeye aliyesifiwa hulka yake katika Sura ya Nun aliomba hayo. Sisi twajiona tumekwisha kukamilika?

Ewe Mola, umetupa maumbo mema. Tupe na hulka njema. Amin.