Kazi Isiyo Kazi

Mchukuzi akijitwika gunia la kilo 50 na kutembea nalo hatua mia kwenye sakafu iliyo sawa, jasho likimtiririka mpaka visiginoni, mwalimu wa fizikia atasema kwamba katika mwendo ule hakulifanyia gunia kazi yoyote. Kani yake ilielekea juu, mwendo ukaelekea mbele. Na kazi, kwa maana ya somo hilo, huhesabiwa kwa umbali unaofuata uelekeo wa kani. Nishati ya chakula chake imeishia kuwa joto mwilini. Mwanafunzi aliyekua akiona watu wakibeba mizigo ana haki ya kushtuka, maana shingo yake mwenyewe inashuhudia kinyume. Naamini ugumu wa sayansi umekaa hapo hasa, kuliko kwenye wingi wa kanuni: inamtaka mtu aachane na rai aliyoishi nayo, tena rai isiyo ya kipumbavu. Aristotle naye aliamini kwamba kizito huanguka upesi kuliko chepesi, na wasomi wakamfuata kwa karne nyingi.

Wapo watakaosema ugumu huu tumejitengenezea. Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali kwa kawaida husoma sayansi kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza anaikuta kwa Kiingereza, mara nyingi bila maabara ya maana. Malalamiko hayo ni ya haki, na mzigo huo ni dhuluma. Lakini tukiutua wote, gunia bado litabishana na mwanafunzi. Tena lugha ya kigeni huuficha ubishi wenyewe: mtoto hukariri fasili bila kuhisi kwamba inagongana na kazi aijuayo, anafaulu mtihani, na rai ya zamani inabaki palepale. Kwa Kiswahili angeumia mapema zaidi, na angeelewa.

Pingamizi zito zaidi ni la faida. Mshonaji au mvuvi ana haja gani na haya? Kama faida ni ajira, sina jibu la kuridhisha. Ila katika mabishano yetu mengi, nyumbani hata barazani, mwenye umri, cheo au sauti ndiye hushinda, na ni mahali pachache, darasa la sayansi likiwemo, kijana hufundishwa kuuliza: ni kitu gani kingenionyesha kwamba nimekosea? Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingizwa kwenye friji ungali moto ukiganda kabla ya ule uliokuwa baridi. Alipouliza, alichekwa. Baadaye akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, ambaye hakuamini, lakini alikwenda kupima. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Na heshima ya kijana yule haitegemei kuwa sahihi milele: watafiti waliorudia vipimo mwaka 2016 hawakuupata ushahidi wa kuwaridhisha, wakaonyesha kwamba kipimajoto kikiwekwa juu au chini kwa takriban sentimita moja tu, kinaweza kuleta jibu jingine. Wengine bado wanabishana nao, vipimajoto mkononi.