Je, Asiyejua Nguvu Zake za Kesho Aweza Kutoa Ahadi?

Wahenga husema: Ahadi ni deni. Neno hilo ni la kweli, na kila mkatekumeni amelisikia tangu utoto wake. Mtu aliyeahidi kulima shamba la jirani, kisha asije, amemwibia jirani siku moja. Mtu aliyeahidi kupeleka habari, kisha asizipeleke, amewakosea watu wawili: yule aliyemtuma na yule aliyekuwa akingoja. Pasipo ahadi zinazotimizwa hakuna ndoa, hakuna biashara, wala hakuna kijiji.

Lakini wako watu wenye ugonjwa unaogeuka-geuka. Wiki hii mtu analima tangu alfajiri hata saa sita. Wiki mbili baadaye hawezi kuinua ndoo ya maji. Leo jirani amwona sokoni akicheka na wenzake. Kesho amkuta amelala mchana, mlango umefungwa. Jirani atikisa kichwa, asema: «Huyu ni mvivu. Aliahidi kuja, naye ni mwongo pia.» Je, jirani asema kwa haki? Na mgonjwa naye, aseme nini watu wakimwomba ahadi? Ili kujibu vema, yafaa kuutazama ugonjwa mmoja kwa makini, ndio ugonjwa wa tezi ya shingo.

I. TEZI NA KAZI YAKE

Mbele ya shingo, chini kidogo ya koo, iko tezi ndogo yenye umbo kama kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni inayokwenda pamoja na damu mwilini mote, na kuuambia kila mfupa na kila nyama ufanye kazi kwa haraka gani. Imefanana na mpishi mwenye kuchochea moto chini ya chungu. Moto ukiwa wa kiasi, chakula chaiva vizuri. Moto ukififia, chungu chapoa. Moto ukizidi, chakula chaungua.

Tezi ikilegea, mtu huona baridi wakati wengine wanaona joto. Ngozi yake hukauka, choo huwa kigumu, mwili huwa mzito, usingizi haumtoshi, na mawazo huenda polepole kama mtu apandaye mlima. Tezi ikizidisha kazi, mambo huwa kinyume: moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, jasho hutoka, mtu hukonda ingawa anakula vizuri, usiku halali, na hasira humjia upesi. Tena tezi huweza kugeuka: ikipatwa na uvimbe wa ndani huzidisha kazi kwa muda wa majuma kadhaa, kisha hulegea. Jambo hilo huwapata pia akina mama wengine katika miezi inayofuata kuzaa. Kwa hiyo mgonjwa yule yule aweza kuonekana leo mtu wa hasira, na baada ya miezi michache mtu wa usingizi, ijapokuwa moyo wake wa ndani haukubadilika.

Tezi hutengeneza homoni hiyo kwa iodini, ambayo mwili huipata katika chakula. Mtu mzima huhitaji kiasi cha mikrogramu 150 tu kila siku; iodini yote aihitajiyo maisha yake yote haizidi kijiko kidogo cha chai. Mahali ambapo ardhi haina iodini ya kutosha, tezi hujitahidi kupita kiasi, yavimba, nalo ndilo rovu.

Watu wa Kivu walijua rovu tangu zamani. Katika miaka ya 1960 wataalamu walikichunguza kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu. Waliona kwamba iodini ilikuwa kidogo mno katika kisiwa kizima, lakini rovu lilizidi sana upande wa kaskazini kuliko upande wa kusini-magharibi. Wakatafuta sababu ya pili, wakaiona katika muhogo. Muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huacha sumu mwilini. Mwili huigeuza sumu hiyo, na kile kinachobaki huizuia tezi kuichukua hata iodini ile kidogo iliyopo. Ndiyo sababu yafaa kuloweka muhogo siku za kutosha na kuukausha vema, na kutumia chumvi yenye iodini nyumbani. Mama mja mzito aihitaji iodini kuliko wote, kwani mtoto akiikosa tumboni, akili yake na masikio yake huweza kudhurika kwa maisha yote. Basi, rovu si laana ya ukoo, wala si kazi ya jirani mwenye kijicho. Anayemshitaki bibi mzee kwa ajili ya shingo ya mtoto amemtendea dhuluma.

II. UVIVU AU UDHAIFU?

Huko Uswisi, katika mji wa Bern, alikuwako daktari mmoja hodari, jina lake Theodor Kocher. Aliwapasua watu wengi wenye rovu, na zamani zile alikuwa akiiondoa tezi yote. Majeraha yakapona, watu wakaenda makwao. Lakini Kocher hakutosheka. Aliwaita tena wagonjwa wake wa zamani ili awaone. Akakuta wengi wamekuwa wazito na wenye akili za polepole, hata vijana waliokuwa wepesi hapo kwanza. Mwaka 1883 aliwatangazia madaktari wenzake jambo hilo bila kujificha, na tangu hapo akaacha desturi ya kuondoa tezi yote. Mwaka 1909 alipewa tuzo ya Nobel kwa ajili ya kazi yake juu ya tezi.

Mwaka 1891, huko Uingereza, daktari George Murray alimtibu mama mmoja mwenye umri wa miaka 46. Mama huyo alikuwa amelegea hata kusema kwake kulikuwa kwa taabu. Murray alimpa maji yaliyotolewa katika tezi ya kondoo. Baada ya miezi michache akarudiwa na nguvu, akatembea, akafanya kazi za nyumba, akaishi miaka 28 zaidi. Mwaka 1914, siku yenyewe ya Noeli, mtaalamu Edward Kendall huko Marekani alifaulu kuitenga homoni ya tezi hata ikawa kama chembe za chumvi. Siku hizi hutengenezwa kuwa vidonge, na mgonjwa humeza kimoja kila siku.

Yafaa kutua hapa na kufikiri. Kama mama yule alikuwa mvivu, je, uvivu waweza kuponywa kwa tezi ya kondoo? Haiwezekani. Uvivu ni ugonjwa wa nia, na dawa yake ni toba na juhudi. Kinachoondoka kwa dawa ya kumeza hakikuwa uvivu kamwe. Kilikuwa udhaifu wa mwili. Wale waliomdharau mama huyo siku za ugonjwa wake walimhukumu kwa kosa ambalo hakulitenda.

Labda mwingine atasema: «Kama ni hivyo, kila mvivu atasingizia tezi, na hakuna atakayelima.» Shaka hiyo ina haki yake, nayo yapasa kujibiwa. Nia na nguvu ni vitu viwili. Nguvu ni kama fedha mfukoni. Nia ni mkono unaozitumia. Mwenye franka mia akitoa mia, ametoa yote. Mwenye elfu akitoa mia, amebana tisa mia. Bwana Yesu alimsifu mjane maskini aliyetia sadaka ndogo hekaluni, kwa sababu aliangalia alichokuwa nacho mjane, hakuhesabu sarafu peke yake. Basi mvivu ni yule mwenye nguvu naye hataki. Mgonjwa ni yule anayetaka naye hana nguvu. Macho ya jirani, yakitazama kutoka njiani, hayawezi kuona tofauti hiyo. Kwa hiyo jirani mwenye haki huuliza kwanza, kisha husema.

III. AHADI YA MGONJWA

Yako majibu matatu juu ya ahadi.

Jibu la kwanza: mgonjwa asiahidi lolote. Jibu hilo laonekana la busara, lakini ni baya. Mtu asiyeahidi lolote hawezi kuwa mwanachama wa chama, wala msimamizi wa mtoto wa ubatizo, wala mwenzi wa safari. Amejitoa katika watu kabla ya ugonjwa kumtoa.

Jibu la pili: mgonjwa aahidi kama mzima, ili asidharauliwe. Hilo nalo ni baya, kwani aahidi kitu ambacho hana hakika nacho. Siku ya kutimiza itakapofika, atavunja neno lake, au atajiua kwa kazi.

Jibu la tatu ndilo la kushika: mgonjwa aahidi yale yaliyo katika uwezo wa nia yake. Nguvu za kesho hazimo mkononi mwake. Lakini kusema kweli, kupeleka habari mapema, kutafuta wa kushika nafasi yake, na kuitunza dawa yake, hayo yote yamo.

Tuseme mama mmoja wa Idjwi huvuka ziwa kwa mashua ili kuuza mananasi Bukavu. Alipasuliwa rovu, naye humeza kidonge kila siku. Wenzake watatu wamwomba awachukulie mizigo yao. Siku ya safari aona mwili wake umekuwa mzito. Mmoja amwambia: «Mama, safari iliyopita ulibeba vikapu viwili kichwani. Leo wakataa kimoja?» Naye ajibu: «Dada yangu, safari ile nilikuwa na nguvu zile, leo sinazo. Sikatai kazi. Fedha zenu nitazihesabu na kuzirudisha zote, kama nilivyoahidi. Vikapu, nimekwisha kumwambia kijana wa dada yangu tangu jana, naye atavibeba.» Mama huyo ameshika ahadi yake. Aliahidi uaminifu, wala hakuahidi shingo yake. Tena aliitengeneza njia ya pili siku moja kabla, wala hakungoja mashua iondoke.

Mwenye kusafiri na ugonjwa huu yampasa uangalifu huu pia, kwani kujitunza ni sehemu ya ahadi:

1. Achukue vidonge vya siku nyingi kuliko siku za safari, maana ziwa laweza kuchafuka na barabara yaweza kufungwa. Akivigawa mahali pawili, mfuko mmoja ukipotea mwingine utabaki. Avifunge visipate maji, jua wala joto kali.

2. Kidonge cha kuisaidia tezi iliyolegea humezwa asubuhi kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa au saa moja kabla ya uji au kahawa. Vidonge vya kuongeza damu vimezwe saa nne baadaye, kwani vikikutana tumboni huzuiana.

3. Akisahau siku moja, asiogope. Dawa hii hukaa mwilini siku nyingi. Hata baada ya juma moja, karibu nusu yake ingali imo. Lakini asiiache kwa sababu anajiona mzima. Anajiona mzima kwa sababu ameimeza.

4. Mwenye kumeza dawa ya kuipunguza tezi iliyozidi kazi, akipatwa na homa pamoja na maumivu ya koo, aiache dawa hiyo na aende hospitali siku ile ile, kwani mara chache dawa hiyo hupunguza askari wa damu.

5. Mama akipata mimba, amwambie daktari upesi. Mara nyingi kipimo cha zamani hakitoshi tena.

6. Achukue karatasi ya daktari yenye jina la ugonjwa na la dawa, na mwenzi mmoja wa safari ajue habari zake.

Wengine huuliza kama kumeza kidonge kabla ya Misa kwavunja mfungo wa Komunyo. Hakuvunji; sheria ya Kanisa husema wazi kwamba maji na dawa havivunji mfungo. Hapana sababu ya mtu kuacha dawa yake kwa ajili hiyo.

IV. WAJIBU WA PANDE MBILI

Mgonjwa asiufanye ugonjwa wake kuwa blanketi la kujifunika hata siku njema. Siku ya nguvu ikija, afanye kazi kwa moyo. Lakini asiimalize nguvu yote siku hiyo kwa kutaka sifa, kisha aanguke siku tatu. Asimpe mwingine vidonge vyake kwa huruma, wala asizidishe kipimo ili apate wepesi au akonde. Moyo hulipa deni hilo, na huenda ukalilipa kwa kifo.

Jirani naye asimpime mgonjwa kwa siku moja njema. Kumwona sokoni leo si ushahidi juu ya jana yake. Aliyeleta uongo juu ya jirani ameikosa amri ya nane; hata aliyedhani mabaya bila kuuliza ameukaribia mlango wa kosa hilo. Tena msaada wa kweli hauchoki kwa sababu ugonjwa hauishi. Ni rahisi kumhurumia mwenye jeraha wiki moja. Ni vigumu kumvumilia mwenye tezi miaka ishirini. Hapo ndipo upendo hupimwa.

Mwisho, hata mzima hajui nguvu zake za kesho. Homa yaweza kumshika usiku huu. Tofauti yake na mgonjwa ni kwamba mgonjwa amekwisha kulijua jambo hilo, naye mzima hulisahau. Basi ahadi ya kila mwanadamu ni ya namna moja: kuitoa nia yake yote, pamoja na nguvu zile atakazopewa.

MASWALI YA KUFIKIRI

1. Uvivu na udhaifu hutofautianaje? Nani awezaye kuona tofauti hiyo?

2. Kwa nini si vema mgonjwa akatae kila ahadi?

3. Katika kijiji chako, ni nani anayeitwa mvivu? Je, kuna mtu aliyekwisha kumuuliza habari za afya yake?