HODI NA IDHINI KATIKA DUNIA YA KOMPYUTA

Kwa Jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa siri na dhahiri. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na Aali zake na Sahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu msomaji, watu wa kwetu wakifika mlangoni husema "Hodi", na mwenye nyumba hujibu "Karibu". Maneno mawili haya mafupi yamebeba hukumu kubwa ya sharia, nayo ni hukumu ya idhini, yaani kuomba ruhusa kabla ya kuingia. Zamani mas-ala haya yalikuwa wazi: mlango ni wa mbao, ukuta ni wa mawe, na anayeingia huingia kwa miguu yake. Leo vijana wetu wa Maskati, Dubai na Doha wanaingia katika nyumba zisizo na mbao wala mawe, na baadhi yao hudhani kwamba palipokosekana mlango imeondoka na hodi. Je, ni kweli?

Nitaeleza kwanza jinsi mas-ala haya yalivyonifikia. Mjukuu wangu, kijana wa chuo kikuu, alinionyesha katika kompyuta yake dunia iitwayo Second Life, iliyofunguliwa kwa watu mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, Marekani. Mtu hujiandikisha humo, akajichagulia jina na umbo, ambalo wao huliita avata. Umbo hilo hutembea, hukaa, na huzungumza kwa maandishi au kwa sauti na maumbo ya watu wengine walioko nchi mbalimbali kwa wakati ule ule. Wenyeji wake hununua ardhi, hujenga nyumba, hutengeneza nguo na kuziuza kwa fedha ya humo iitwayo dola ya Linden, ambayo hubadilishwa kwa dola za Kimarekani.

Nakiri kwamba yapo niliyoyaona yakanipendeza. Mgeni husalimiwa afikapo. Aliyeondoka mbele ya kompyuta yake kwa muda, umbo lake huinamisha kichwa, wenzake wakajua kuwa hayupo, basi hawamdhanii vibaya kwa kutojibu salamu. Na kanuni za dunia hiyo zinakataza kutangaza habari za maisha ya mtu bila ya ridhaa yake. Nikakumbuka sabla zetu za Oman, ambamo mgeni husalimiwa na kutiliwa kahawa, kisha ndipo akaulizwa habari za alikotoka. Nikasema moyoni: binadamu hata akijitengenezea dunia mpya, hawezi kuishi ndani yake bila ya adabu.

Kisha tukafika kwenye nyumba ya mtu. Mjukuu wangu akalisimamisha umbo lake nje, karibu na ukuta, wala hakuufungua mlango. Lakini katika dunia ile jicho la mtazamaji halikufungwa na mwili wa umbo lake. Umbo husimama mahali pamoja, na jicho likazunguka, likapanda, likapenya ukuta. Nikaona chumba cha watu, na watu wawili wamekaa wanazungumza, wala hawana habari nasi.

Nikamwambia, "Mwanangu, umeingia nyumba ya watu bila ya idhini."

Akanijibu kwa heshima, "Babu, mimi sikuingia. Miguu yangu iko nje."

Katika miaka niliyokaa kwenye kiti cha hukumu nimesikia nyudhuru nyingi, na huu ulinisimamisha. Aliponiona nimenyamaza akaongeza hoja ya pili, nayo ni nzito kuliko ya kwanza. Mwaka 2007 tovuti ya IslamOnline ilitengeneza ndani ya dunia hiyo mfano wa Hija, pamoja na picha ya Al-Kaaba na mahali pa ibada, ili watu wajifunze manasiki kwa kutembeza maumbo yao. Akaniuliza, "Babu, mtu akitufu humo, je, amehiji?" Nikasema, "La, amejifunza tu, na faradhi ingali shingoni mwake." Akasema, "Basi ikiwa kuhiji kwa humo si kuhiji, vipi kuchungulia kwa humo kuwe ni kuchungulia? Ama vyote viwili ni kweli, ama vyote viwili ni picha."

Nikamwomba anipe muda mpaka kesho. Haya yafuatayo ndiyo niliyomjibu, na ndiyo ninayoyaweka mbele yako, ewe msomaji.

Ama hoja ya kwanza, ya miguu kuwa nje, jawabu lake lilitangulia zaidi ya miaka elfu moja na mia nne. Mwenyezi Mungu katika Sura An-Nur, Aya ya 27, amewakataza Waumini kuingia nyumba zisizokuwa zao mpaka waombe ruhusa na wawatolee salamu wenyewe. Na imepokewa katika hadithi sahihi kwamba mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la mlango wa chumba cha Mtume (S.A.W.). Mtu huyo miguu yake ilikuwa nje, kama miguu ya mjukuu wangu. Mtume (S.A.W.) alimkemea kwa ukali, na akabainisha kuwa idhini imewekwa kwa sababu ya macho. Basi illa ya hukumu, yaani sababu yake, ni jicho na siyo mguu. Mwenye kuzuia mguu wake akaliachia jicho lake, amelinda ganda la hukumu na amekula kiini chake.

Ama hoja ya pili, ya kwamba ama vyote ni kweli ama vyote ni picha, hapo ndipo penye kosa. Si lazima vyote vifuate njia moja. Tuulize juu ya kila tendo: ni kitu gani kilichovuka kioo cha kompyuta kikamfikia binadamu wa upande wa pili, au kikamrudia mtendaji mwenyewe?

Hija imefungamana na mwili, mahali na wakati. Mwenye kutembeza umbo lake kwenye picha ya Arafa, yeye mwenyewe yuko juu ya kiti chake nyumbani. Mwili wake haukusimama Arafa, basi Hija haikuwa. Vivyo hivyo, umbo likilipiga umbo jingine kwa upanga katika mchezo ambao wote wawili wameuridhia, hakuna damu iliyomwagika, wala hakuna kisasi wala dia. Lakini aliyechungulia, jicho lililoona ni jicho lake la kweli, siri iliyochukuliwa ni siri ya mtu wa kweli, na moyo uliohifadhi siri ile ni moyo wake atakaokwenda nao mbele ya Mola wake. Katika Sura Al-Israa, Aya ya 36, tumejulishwa kwamba masikio, macho na moyo, vyote hivyo vitaulizwa. Halikutajwa umbo la picha. Limetajwa jicho, na jicho lilikuwepo.

Kwa kipimo hicho utayajua mengine. Tusi lililoandikwa humo ni tusi, kwa kuwa limesomwa na mwenye moyo. Kejeli na majina mabaya ya kupachikana, yaliyokatazwa katika Sura Al-Hujurat, Aya ya 11, ni yale yale. Na mwenye kumlaghai mwenzake dola za Linden amekula mali ya mtu kwa batili, kwa sababu fedha ile ina thamani na hubadilishwa kwa mali.

Na wala si sisi peke yetu tuliolitambua jambo hili. Katika mwaka 1990 mtafiti Pavel Curtis, wa kituo cha Xerox PARC huko California, alianzisha dunia ya namna hii iliyoitwa LambdaMOO, ambayo haikuwa na picha hata moja, ila maandishi matupu. Katika mwaka 1993 mtu mmoja mle aliwadhalilisha wengine mbele ya hadhara kwa maneno machafu aliyoyabandika juu ya maumbo yao. Hakuna aliyeguswa mwili wake, lakini waliotendewa waliumia kweli kweli. Wakazi wakakusanyika kujadiliana, msimamizi mmoja akamfuta mtu yule, na baadaye ukawekwa utaratibu wa maombi na kura ili watu wapate mahali pa kupeleka mashtaka yao. Tazama, ewe msomaji: watu walioingia kucheza walijikuta wanahitaji hukumu, kwa sababu dhuluma ilikuwa imevuka kioo.

Limebaki suala la majina ya kupanga. Wapo wasemao: maadamu humo hakuna anayemjua mwenzake, basi hakuna haki baina yao. Jawabu ni kutenganisha baina ya kusitiri na kudanganya. Mtu hakulazimishwa kumtajia kila apitaye njiani jina lake na nasaba yake, na kwa mabinti zetu kusitiri jina humo huenda ndiyo salama zaidi. Lakini mwanamume akajifanya mwanamke ili asikie mazungumzo ya wanawake, huyo amechungulia kwa sikio. Na mwenye kumwahidi mtu ndoa kwa jina lisilo lake amefanya hadaa, nayo ni haramu, hata kama mambo yote yalipita baina ya picha mbili. Mlango wa kwanza wa Musnad wa Imam Ar-Rabii bin Habib (R.A.) ni mlango wa nia, na nia haivai avata.

Hapa wanachuoni wetu Ahlul-Haqqi wal-Istiqama wametuachia kanuni yenye manufaa makubwa. Wamesema kwamba Muislamu ana hali tatu kwa watu: walaya, yaani kumpenda na kumtakia radhi yule ambaye wema wake umethibiti, baraa, yaani kujitenga na yule ambaye maasi yake yamethibiti, na wukufu, yaani kusimama kwa yule ambaye hali yake haijulikani. Katika dunia ya maumbo karibu kila unayekutana naye ni mtu usiyeijua hali yake. Basi usimpe walaya kwa uzuri wa sura aliyojichagulia, ukamfungulia siri za nyumba yako na kumwamini kama ndugu. Wala usimtangazie baraa kwa neno moja ulilolisikia. Simama. Na kusimama hakuondoi adabu, kwani asiyejulikana naye ana haki ya kujibiwa salamu na kusitiriwa aibu yake.

Nilipomaliza kumweleza mjukuu wangu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Babu, nimekubali, na sitarudia. Lakini niruhusu neno moja. Juzi uliingia chumbani kwangu nami nimeipa kompyuta uso. Hukupiga hodi. Ulisimama nyuma yangu ukasoma, ndipo ukaniuliza hii ni dunia gani."

Wallahi ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeingia kwa jicho langu na kwa miguu yangu pia. Nikakikumbuka kisa kinachosimuliwa katika vitabu vya adabu, cha Sayyidna Umar (R.A.) aliyepanda ukuta wa nyumba ya mtu akamkuta katika maasi. Mtu yule akamwambia: mimi nimekosa moja, nawe umekosa matatu, umepeleleza, hukupitia mlangoni, na umeingia bila ya idhini wala salamu. Nikamwambia mjukuu wangu, "Umesema haki, nisamehe." Sikuona udogo katika kusema hivyo, na ningeona udogo kama ningemfundisha hodi ya nyumba za picha nami nimeivunja hodi ya nyumba ya kweli.

Enyi wazazi, hapa ndipo ninapotaka mpazingatie. Wengi wenu mnanijia na hofu juu ya yale wanayoyaona watoto, na hofu hiyo ina haki. Lakini mtoto ambaye mlango wake unasukumwa, simu yake inapekuliwa akilala, na barua zake zinasomwa, amejifunza nyumbani kwamba mwenye uwezo wa kuona ana haki ya kuona. Akiingia katika dunia ambayo jicho hupenya ukuta, atafanya nini isipokuwa alilofundishwa? Katika Sura An-Nur, Aya ya 58 na ya 59, watoto wameamrishwa kuomba idhini kwa wazazi wao katika nyakati tatu za faragha, na wakibaleghe waombe kila wakati. Adabu hii inamstahiki kijana wetu nasi pia tumfanyie.

Ama kuwachunga ni wajibu wetu, na kuchunga siyo kupeleleza. Mdogo asiyebaleghe, kompyuta yake iwekwe majlisini mbele ya watu, naye aambiwe wazi kwamba wazazi wataangalia. Aliyebaleghe, bisha mlango, ukae karibu naye, umwombe akuonyeshe anakokwenda na anaozungumza nao. Ukiwa na shaka, muulize uso kwa uso. Jambo la kheri atakuonyesha kwa furaha, na jambo la shari litamwia zito kulionyesha, nawe utakuwa umejua bila ya kuvunja mlango.

Na nyinyi vijana, mkisimama nje ya nyumba ambayo jicho lenu linaweza kupenya ukuta wake na hakuna atakayejua, basi hapo ndipo mahali pa kuijua imani yenu. Imani kwetu ni kauli, itikadi na amali, na kulizuia jicho pasipo na mlinzi ni amali. Semeni hodi. Mkijibiwa, ingieni kwa salamu. Msipojibiwa mara tatu, rudini, kama alivyorudi Abu Musa Al-Ashari (R.A.) mlangoni kwa Sayyidna Umar.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Yaliyo sawa ni kwa taufiki ya Mwenyezi Mungu, na yaliyo makosa ni kwa upungufu wangu, nami namwomba msamaha. Ewe Mola wetu, zisitiri aibu zetu, na uyalinde macho yetu na yasiyokuwa yetu.

Wabillahi Taufiki.